Tungo Zote za Chopin Jukwaani

Katika msimu wa 1995 na 1996, mpiga piano wa Marekani Garrick Ohlsson, aliyekuwa ameshinda mashindano ya Chopin ya Warsaw mwaka 1970, alifanya katika Lincoln Center jijini New York mfululizo wa maonyesho ambamo alipiga tungo zote za mtunzi wa Poland Frédéric Chopin zilizoandikwa kwa piano peke yake. Tungo hizo zinakaribia 200, kuanzia polonezi alizotunga akiwa mtoto wa miaka saba hadi mazurka za miezi yake ya mwisho (zote mbili ni aina za vipande vilivyotokana na ngoma za Poland za mapigo matatu), na ukizipanga moja baada ya nyingine zinadai zaidi ya saa 10 za kusikiliza. Je, kazi ya namna hiyo inamfaa Chopin, na inamfaa yule anayeketi ukumbini?

Nimelifikiria swali hili kwa muda mrefu, kwa sababu nampenda mtunzi huyu kuliko wenzake wote wa kipindi ambacho wahakiki wetu wamezoea kukiita cha ulimbwende, na kwa sababu hoja za pande zote mbili ni nzito kuliko zinavyotolewa kwa kawaida. Mimi naunga mkono mfululizo kamili. Siungi mkono kwa kuamini kwamba kukamilisha idadi ni jambo jema lenyewe. Naunga mkono kwa ajili ya mazurka, na nitaeleza.

Tuanze na wanaopinga, kwa kuwa wana shahidi mkubwa, naye ni Chopin mwenyewe. Katika maisha yake yote, kuanzia 1810 hadi 1849, hakutoa maonyesho ya hadhara yanayozidi sana 30. Alipendelea sebule za marafiki, mishumaa michache, na watu ambao angeweza kuwaona nyuso. Onyesho lake la mwisho mjini Paris, lililofanyika tarehe 16 Februari 1848 katika ukumbi wa Pleyel mbele ya watu wapatao 300, lilianza na utungo wa Mozart wa piano, fidla na selo. Waimbaji walipewa nafasi yao, naye alipiga sehemu za sonata yake ya selo pamoja na rafiki yake Auguste Franchomme, kisha bembelezi lake, Barcarolle, etyudi, preludi, mazurka na walzi. Ilikuwa meza yenye vyakula vingi vilivyopikwa na wapishi mbalimbali. Mtindo wa mtu mmoja kuketi mbele ya piano usiku kucha bila msaidizi ulianzishwa na mpiga piano Franz Liszt karibu na mwaka 1840, na Chopin hakuufuata. Kwa hiyo, wanasema wapinzani, kumweka peke yake jukwaani kwa usiku mwingi mfululizo ni kumvalisha joho la mtu mwingine.

Hoja hii ni ya kweli, ila inakamata mengi kupita kiasi. Ikiwa tutaikubali yote, basi onyesho lolote la Chopin la saa mbili katika ukumbi wa watu 2,000 nalo halifai, na piano ya leo yenye fremu nzito ya chuma haifai pia. Isitoshe, mazoea ya kusikiliza hubadilika, na mabadiliko mengine huwa faida. Preludi 24, yaani vipande vifupi vya Opus 28 (Opus ni namba ya kazi iliyochapishwa), zilizochapishwa mwaka 1839, Chopin alizipiga kwa kuchagua chache alipotokea hadharani Paris mwaka 1841. Leo tumezoea kuzisikia zote kwa mkupuo mmoja kama utungo mmoja wa takriban dakika 40, na kuna mengi tunayoyasikia kwa njia hiyo ambayo kipande kimoja kilichong'olewa hakiwezi kuyasema. Preludi ya saba ina vipimo 16 tu. Ukiisikia peke yake ni kama picha ndogo ya ukutani, lakini ukiisikia ikitanguliwa na majonzi ya ile ya sita na kufuatwa na dhoruba ya ile ya nane, ni pumzi ambayo mtu anaivuta kabla ya kupiga mbizi tena.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine. Walioshuhudia siku za mwisho za Chopin waliandika kwamba aliagiza miswada yake ambayo haijachapishwa ichomwe moto, kwa kuwa hakutaka kazi asizoziridhia ziwafikie watu chini ya jina lake. Familia haikuichoma. Rafiki yake Julian Fontana, kwa idhini ya familia hiyo, alichagua miswada na kuichapisha mwaka 1855 kwa namba za Opus 66 hadi 73, na mingine ilifuata baadaye kupitia mikono tofauti. Mpiga piano anapotangaza "tungo zote", anajumuisha vitu ambavyo mwenyewe alisema visisikike. Hili si jambo dogo, na simwelewi mtu anayelipuuza kwa kusema tu kwamba vizazi vijavyo vina haki ya kujua. Msanii anayetupa rasimu yake naye anasema jambo kuhusu kazi alizozibakiza, na kukaidi kauli yake ni kumnyang'anya sehemu ya uamuzi wake.

Hata hivyo, katika suala hili tulishachelewa. Utungo wa kwanza katika mkusanyo wa Fontana, ule wa Opus 66 unaojulikana kama Fantaisie-Impromptu, umekuwa miongoni mwa vipande vya piano vinavyopigwa zaidi duniani. Wanafunzi huufukuzia kabla hata ya vidole vyao kuuweza. Basi kinachobaki ni kuamua miswada hii isikike katika mazingira gani, kwa kuwa kusikika imekwisha kusikika. Na hapa mfululizo kamili una uadilifu ambao onyesho la kawaida halina. Onyesho la kawaida huchukua Opus 66 na kuipachika katikati ya balladi na skerzo, vipande vyake virefu vinavyojulikana, bila neno, kana kwamba Chopin aliitoa kwa hiari yake. Anayepiga tungo zote anaweza kuiweka mahali pake, yaani katika miaka ya 1830 ilipotungwa, na kueleza katika karatasi ya programu kwamba hii ni kazi ambayo mtunzi aliiweka kando. Ningetaka sharti hilo liwe la lazima: kila utungo uliochapishwa baada ya kifo chake utajwe hivyo, bila kufichwa.

Neno "zote" lenyewe pia halina mpaka ulio wazi. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba katika Morgan Library ya New York umepatikana walzi mfupi ambao haukujulikana, wenye maandishi yanayoaminika kuwa ya mkono wa Chopin. Kila aliyewahi kukamilisha orodha kabla ya hapo alibakiwa na deni la dakika moja na kidogo. Hata tungo zinazojulikana hazina sura moja, kwani Chopin alichapisha kazi zake Ufaransa, Ujerumani na Uingereza kwa wakati unaokaribiana, na matoleo hayo hayafanani katika kila noti. Nokturni (kipande chenye utulivu wa usiku) ya pili ya Opus 9, ambayo karibu kila mpenzi wa piano anaitambua, aliiandikia wanafunzi wake mapambo mbalimbali kwa penseli juu ya nakala zao, ya huyu tofauti na ya yule. Ukiipiga kama ilivyochapishwa, umeacha hayo mapambo; ukichagua mapambo ya nakala moja, umeacha ya nyingine.

Sasa nije kwa upande ninaousimamia. Faida ya kwanza ni ndogo lakini tamu: mfululizo kamili hutoa kabatini vitu ambavyo hakuna atakayevilipia tiketi peke yake. Sonata ya kwanza, Opus 4, aliitunga mwaka 1828 akiwa bado mwanafunzi, akamtunukia mwalimu wake Józef Elsner, nayo haikuchapishwa hadi alipokwisha kufariki. Wengi huiita dhaifu, na sehemu yake ya kwanza kweli inazunguka bila kufika. Lakini sehemu ya tatu, ile ya mwendo wa polepole, imeandikwa kwa mapigo matano katika kila kipimo, jambo ambalo lilikuwa nadra sana siku zile. Kijana wa miaka 18 anaachia wimbo uende bila mguu wa kukanyagia, na msikilizaji anayejua nokturni zitakazokuja anasikia mahali ambapo mkono ule ulianza kujifunza kusitasita. Ukimsikia kijana huyo jioni ya kwanza, kisha jioni nyingine ukamsikia mtu wa 1839 katika sonata ya Opus 35 yenye maandamano ya mazishi, unaona safari ambayo kitabu cha historia kinaweza kuitaja tu.

Faida kubwa, hata hivyo, ni mazurka. Ziko zaidi ya 50, nazo ndizo shajara ya Chopin, kwa kuwa alianza kuzitunga akiwa mvulana Poland na hakuziacha hadi mwisho. Katika maonyesho ya kawaida zinatumika kama vipande vya nyongeza, peremende ya kuwapa watu wakiwa wameshasimama kupiga makofi. Balladi nne zina watetezi wengi mno. Mazurka zinahitaji mtu wa kuzichukulia kwa uzito wake, na ni mfululizo kamili pekee unaomlazimisha mpiga piano kuishi nazo miaka mitatu au minne hadi mwendo wake uingie mwilini. Mwendo huo si rahisi. Charles Hallé, mzaliwa wa Ujerumani aliyemsikia Chopin mara nyingi Paris, alisimulia kwamba alimwambia mtunzi kuwa mazurka zake, akizipiga mwenyewe, zilisikika kana kwamba zina mapigo manne badala ya matatu. Chopin alikataa, hadi Hallé alipohesabu kwa sauti huku mwenzake akipiga, na hesabu ya nne ikakaa sawasawa. Ndipo Chopin akacheka na kusema hiyo ndiyo tabia ya ngoma ya kwao. Hallé huyo huyo, baada ya kuhamia Uingereza, alipiga mjini London mwaka 1861 sonata zote za Beethoven, akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuizoesha hadhira kusikiliza kazi nzima ya aina moja ya mtunzi mmoja. Ninapenda kufikiri kwamba sikio lililohesabu hadi nne pale Paris ndilo lililojua kwamba kuna mambo hayakamatiki kwa kusikia kipande kimoja kimoja.

Hapa ndipo ninapoachana na baadhi ya wanaounga mkono, maana kuna namna ya kupanga mfululizo inayoziua mazurka ilizokusudia kuziokoa. Baadhi hupanga kwa aina: usiku wa nokturni, usiku wa polonezi, usiku wa mazurka. Nilijaribu nyumbani kusikiliza mazurka zote kwa mpangilio wa namba, bila kuchanganya, na nilipofika kama ya ishirini sikio langu lilikuwa limeshakata tamaa ya kutofautisha. Mfano mmoja unatosha. Mazurka ya nne ya Opus 17 inaanza kwa akodi laini zisizo na besi wala zisizotaja ufunguo wake, sauti moja ya kati ikitambaa huku nyingine zimesimama. Kisha wimbo unaingia, unalalamika, unacheza kidogo kwa nguvu katikati, na mwishoni akodi zile zile zinarudi na muziki unakatika kabla ya kufika nyumbani. Baada ya hapo panahitajika kimya. Katika usiku wa mazurka tupu, kinachofuata ni ya kwanza ya Opus 24, na kile kimya kinamezwa na ngoma nyingine kabla hakijafanya kazi yake. Diwani ya mshairi nayo huwa na mashairi yote, lakini hakuna anayeighani yote usiku mmoja kwa kufuata bahari, tathlitha zote kwanza ndipo zifuate tarbia.

Kwa maoni yangu, mpangilio unaofaa ni ule unaofuata miaka kwa ulegevu na kuchanganya aina, mazurka tatu au nne zikiwekwa kando ya skerzo au sonata ya kipindi kile kile, na maonyesho yakitawanywa katika msimu mzima au miwili ili watu wapate muda wa kurudi makwao. Kuna wanaovutwa na mbio, yaani kumaliza kila kitu kwa siku chache, na vyombo vya habari hupenda hesabu za namna hiyo. Sioni Chopin anapata nini hapo. Mkono uliochoka hukosa kwanza kile ambacho yeye alikithamini kuliko nguvu, yaani tofauti kati ya sauti ndogo na ile iliyo ndogo zaidi.

Nikipewa nafasi ya kupanga usiku wa mwisho, ningeweka mazurka mbili karibu na mwisho. Ya tano ya Opus 7 ni fupi mno, haifiki hata dakika moja ikipigwa mara moja, na Chopin aliiandikia agizo kwamba ipigwe kuanzia alama, yaani ishara ya kurudia iliyo ndani ya noti, bila mwisho. Hakuonyesha mahali pa kuishia. Ya nne ya Opus 68, katika F maina, aliiacha ikiwa rasimu yenye mistari iliyosongamana ambayo Franchomme aliisoma kwa taabu. Fontana akaitoa bila kipande chake cha katikati, na wataalamu wa baadaye wakakirudisha. Nayo inarejea kwenye alama bila kuambiwa iishie wapi. Mpiga piano aliyeahidi tungo zote itabidi aamue papo hapo, mbele ya watu, ni sura ipi aipige na arudie mara ngapi. Ningemwomba achukue ile yenye kipande cha katikati, arudi kwenye alama mara moja tu kwa sauti ndogo kuliko mwanzo, kisha ainue mikono.