Sikio halilali na njaa, langu limevimbiwa

Ndugu zangu wa Bukavu, mniombee. Mtu mzima, fundi wa redio hapa Kadutu, baba wa watoto wanne, mvi zimeshaingia, halafu jioni nakutwa pembeni ya kitanda nikinung'unika "dadida, dada, dadida" kama mtoto anayeota meno.

Chanzo ni redio. Mteja mmoja aliniletea redio ya zamani, ile kubwa ya mawimbi mafupi yenye kioo na sindano nyekundu, akasema: "Fundi, nitapita Jumamosi." Hiyo Jumamosi bado naitafuta kwenye kalenda. Usiku mmoja naijaribu, sindano ikasimama karibu na megahezi 7, nikasikia kitu kinalia piii-pi-piii, sauti nyembamba, kama kifaranga aliyebanwa na mlango. Morse, ile lugha ya simu za zamani, kila herufi ni milio mifupi na mirefu! Watu hai, kutoka mbali huko, wanaongea kwa vidole. Nikajiambia: herufi 26 tu. Mimi nasoma rangi za rizista gizani, herufi 26 zitanishinda?

Zimenishinda.

Nilianza kama mjinga anayejiamini. Nikachukua kartoni, nikachora nukta na mistari yote, nikaitundika juu ya meza ya kazi. Wiki mbili nikaikariri. Naweza kukuandikia jina langu, jina la mke wangu na bei ya samaki wa sambaza. Nikafungua redio, sikuambulia kitu! Kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika, nukta moja inadumu sekunde 0.06. Mimi hapo nahesabu nukta, nafumba macho, nakwenda kwenye kartoni kichwani, natafuta mstari wake, narudi. Yule bwana ameshamaliza salamu na amekwenda kulala. Na ukisimama kuifikiria herufi moja, tatu zinazofuata zinakupita. Ni kama kushuka kwenye basi kuokota kofia.

Kumbe kuna Mjerumani, Ludwig Koch, aliyegundua dawa miaka ya 1930: usihesabu. Isikie herufi nzima kwa pamoja, kama unavyojua kikohozi cha mtoto wako usiku hata watoto wa mtaa mzima wakohoe. Unaanza na herufi mbili tu, kwa mwendo kamili, bila huruma. Ukipata tisa katika kumi, unaongezewa ya tatu. Programu ya simu niliyoipata inakwenda hivyo hivyo, inaanza na K na M. Fupi inasemwa "di", ndefu "da". K ni dadida. M ni dada.

Sasa hapo ndipo balaa. Shemeji yangu anakaa kwetu, na nyumba nzima inamwita Dada. Mimi niko chumbani na M yangu: "Dada. Dada. Dada." Anaacha maji jikoni, anakuja mbio: "Unaniita, shemeji?" Hapana, ni herufi. Anarudi. "Dada. Dada." "Naam, shemeji?" Mara ya nne alikuja na mwiko mkononi, na uso haukuwa wa kuuliza.

Halafu dhuluma. Waliotunga mambo haya huko Marekani, enzi za Samuel Morse na Alfred Vail, waliangalia Kiingereza, wakaona E ndiyo imejaa kila mahali, wakaipa nukta moja. Sisi je? Kiswahili kinakula A kama fufu. Baba, mama, kazi, kaka, hata "hakuna" anayoniambia mteja. Na A ni dida: ukijumlisha nukta, mwanya na mstari, ni sawa na nukta tano. Kwa hiyo Mwingereza akipita na E yake bure, mimi kila A natozwa mara tano. Hata kipimo cha mwendo wanatumia neno PARIS. Kwa nini isiwe KADUTU? Na alama ya Kongo yetu hewani ni 9Q: dadadadadi dadadida. Waitalia wamepewa I. Didi! Wamemaliza, wamekwenda kunywa kahawa.

Nilipomlalamikia jirani yangu mzee, mtu wa upande wa Kisangani, alicheka mpaka akakaa. Akasema kwao lokole, ile ngoma ya gogo ya kupelekea habari, ilifuata sauti ya juu na ya chini ya lugha yenyewe, kijiji cha pili kikajua nani amefariki, na hakuna aliyenunua megabaiti.

Wiki ya sita sikio likafunguka, lakini lilifungukia upande mbaya. Redioni bado nababaika kati ya S, H na 5, yaani di tatu, di nne na di tano. Nani anahesabu hivyo tumbo likiwa tupu? Ila barabarani nasikia kila kitu. Motari wa pikipiki akipiga pi-piii, ni A. Meli ya Goma ikiaga, T. Mvua kwenye mabati, EEEEEE usiku kucha, silali. Na ile simu yangu ya zamani ya Nokia, miaka yote inalia dididi dada dididi ujumbe ukiingia, nikidhani ni mapambo. Kumbe ilikuwa inasema SMS.

Kilichoniuma zaidi ni mke wangu. Vidude vya masikioni vilikufa upande mmoja, nikawa nafanya mazoezi kwa sauti, yeye nje anatwanga sombe. Nikiwa bado nafikiri, sauti ikatoka kwenye kinu: "Hiyo si R?" Ilikuwa R. "Umejuaje?" "Inaimba hivyo." Kartoni yangu hajawahi kuisoma, aliitumia kuwashia makala ya kupikia.

Sasa, juzi asubuhi aliniagiza kitu. Mimi vidude masikioni, niko katikati ya F na L, nikaitikia "sawa, Mama", nikatoka. Umeme ukakatika mtaani kwetu, nikabaki karakana kwa rafiki kuchaji simu, nikarudi saa nne usiku. Mlango wa mabati umekomewa. Nikagonga. "Ni mimi." Kimya.

Kisha kijiko, kutoka ndani. Akigonga ni fupi, akikwaruza ni ndefu. Ko-ko-ko. Ko-kwaruu. Kwaruu-ko-ko-ko. Mwili ukanisisimka. Sikuhesabu, herufi zilikuja zenyewe: S, A, B. Ko-ko-kwaruu. Kwaruu-ko. Ko-ko. Neno zima, herufi sita, bila kukosa hata moja, mara ya kwanza tangu nianze. SABUNI. Nilitaka kushangilia, nikakumbuka maduka yamefungwa.

Nikatoa ufunguo, nikaanza kukwaruza kwa adabu: K, hiyo ndiyo herufi yangu ya kwanza, siikosei. Halafu E, S, H, O. Nikasubiri.

Ko-ko-ko-ko. H! Moyo ukatulia, nikajua ni H ya "haya". Nikashika komeo.

Ko.

Siyo H. Ni 5. Miche mitano.