Saa Yenu Haiijui Kaskazi

Juzi nimerudi kutoka njia ya Fumba, jasho limeshuka mpaka viatu vinalia chwa-chwa, lakini nafsi imeridhika. Nimekimbia vizuri. Nikaitazama saa niliyoletewa na mwanangu, ikaniandikia kwa Kiingereza chake cha kiofisi kwamba mazoezi yangu hayana tija.

Hayana tija! Mwezi wa pili, Unguja, hata jani la mnazi halitikisiki, na kidude cha mkononi kinanitolea hukumu.

Ningelinyamaza. Lakini jioni ile ile kocha wetu, kijana mzuri tu na mwenye adabu zake, akatuma jedwali kwenye grupu la WhatsApp. Kila mtu na pesi yake, yaani kasi ya kukimbilia: fulani dakika tano na nusu kwa kilomita, fulani sita, na "Shangazi", ndiye mie, sita na nusu. Kila Jumanne na kila Alkhamisi, mpaka siku ya mbio. Nikamuuliza, mwanangu, hii sita na nusu umeitoa wapi? Akajibu: "Programu imepiga hesabu, Shangazi." Imepiga hesabu kutokana na mbio nilizokimbia mwezi wa saba, kusi inavuma, asubuhi mtu unatamani shuka la pili. Sasa tumo ndani ya kaskazi, usiku tunalala juu ya sakafu.

Hebu tuelewane. Jasho linampoza mtu pale linapokauka. Hewa yetu ya miezi hii imeshajaa maji, jasho halina pa kwendea, linadondoka tu. Moyo inabidi upeleke damu nyingi zaidi kwenye ngozi ili joto litoke, na damu hiyo hiyo ndiyo miguu inayoililia. Kwa hiyo mwendo haujabadilika hata sekunde, lakini mapigo yanapanda, na kila kilomita inayokuja yanapanda tena. Sita na nusu ya Julai ni mazungumzo. Sita na nusu ya Februari ni mashindano. Ukinilazimisha niishike hujanijenga, umenikimbiza mbio za ubingwa kila Jumanne, halafu Mei ukauliza mbona Shangazi anachechemea.

Mnaoamini namba peke yake, mtazameni Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni. Aprili 2025 alikuwa wa pili Boston kwa 2:05:04. Septemba ya mwaka ule ule, Tokyo, ndani ya joto na unyevu, alichukua dhahabu ya dunia kwa 2:09:48, akimpita Mjerumani kwa sekunde 0.03. Karibu dakika tano zaidi ya zile za Boston. Nadhani saa yangu ingemwambia naye hana tija.

Na hilo ni joto tu, bado hatujaweka miaka. Nina 57. Kijana akikesha kwenye taarab, asubuhi anakimbia. Mie nikiamshwa mara tatu usiku na lile joto jengine (wanawake wenzangu wanalijua, wanaume ulizeni majumbani mwenu), asubuhi miguu ni ya mtu mwengine kabisa. Kuna Jumanne naruka kama msichana, na kuna Jumanne kipando cha Kilimani kinanikatalia. Jedwali linaziona zote mbili kuwa Jumanne.

Halafu wapo wa mapigo ya moyo: 220 toa umri wako, unapata mwisho wa mapigo yako kwa dakika. Kwangu ni 163. Juu ya kipando hicho hicho mie huona 170 na ushei, na bado nina pumzi ya kumgombeza mwenye vespa aliyenipitia karibu. Ile hesabu ni ya wastani wa watu wengi, na mtu mmoja mmoja kutofautiana nayo kwa mapigo kumi, juu au chini, ni jambo la kawaida. Msinifunge na wastani.

Mie kipimo changu ni pumzi. Nikiwa kwenye mbio rahisi nasoma Alhamdu, na kila aya inamalizika kwa pumzi moja, inakatwa pale alipotufundisha maalim chuoni. Nikianza kukata pasipo mahali pake, najua nimeshatoka kwenye rahisi. Nikibakiwa na neno moja moja, hapo ni ngumu. Na siku ya ngumu kwangu ni ngumu khasa: dakika tatu za kujituma, dakika mbili za kutembea, tena na tena, mpaka hata bismillahi inagoma kutoka nzima. Kilomita ngapi? Sijali. Pesi gani? Nitaitazama nyumbani nikishakunywa chai, kwa kujifurahisha tu.

Hili silo nililolitunga kwa uvivu. Mwanasaikolojia wa Kiswidi, Gunnar Borg, alitengeneza kipimo cha kujihisi kinachoanzia 6 na kuishia 20. Namba za ajabu, lakini zizidishe kwa kumi uone: 60 mpaka 200, yaani mapigo ya moyo ya kijana kutoka kupumzika hadi mwisho wa nguvu zake. Mpaka leo mgonjwa wa moyo anayefanyishwa mazoezi anaulizwa kwa kipimo hicho: unajisikiaje? Anaulizwa yeye, haiulizwi saa.

Na yule mzee wa Kanada, Ed Whitlock, aliyekimbia marathoni kwa 2:54:48 mwaka 2004 akiwa na miaka 73! Mazoezi yake yalikuwa kuyazunguka makaburi ya mtaani kwao kwa mwendo wa kujikokota, hata masaa matatu. (Huku kwetu angeitiwa mganga.)

Kinachoniudhi khasa ni ile kauli kwamba wazee tukiachiwa tujisikilize tutadeka. Kudeka! Anayejificha ni yule mwenye namba. Akishaipata sita na nusu yake, siku imekwisha, hata kama alikuwa na uwezo wa zaidi, hata kama goti lilimlilia tokea kilomita ya pili. Anaikimbiza saa kama mpishi anayepika pilau kwa kutazama ukuta, bila kufunua sufuria. Mie kila hatua inabidi nijiulize na nijijibu ukweli. Na Ramadhani je, nusu saa kabla ya magharibi, koo limekauka, programu ina pesi gani ya hapo?

Haya, nakubali, kwa shingo upande: kujihisi nako kuna uongo wake. Siku ya mbio, ngoma zinapigwa, wajukuu wanapiga makelele, kilomita ya kwanza kila mtu anajiona Simbu. Hapo saa ni breki, na naivaa. Na kijana anayeanza, asiyejua rahisi ni kitu gani, mpeni namba, labda itamtuliza.

Lakini mie nimeshapita huko. Kocha, mwanangu, jedwali lako lina rangi nzuri. Kwenye mstari wangu andika Jumanne "ngumu, dakika 40", Alkhamisi "rahisi", Jumapili "ndefu". Kasi niachie mwenyewe. Na kama nguvu za kutengeneza majedwali unazo, watengenezee waandaaji la makundi ya umri. Kwenye mashindano ya wakongwe ya dunia watu wanagawanywa miaka mitano mitano kuanzia 35; sie mwaka jana mwenye 40 na bibi wa 70 tulipangwa kundi moja, tukagombee doti moja ya kanga.