Shemeji Kauliza Tule Wapi

Shemeji kashuka kwenye basi la kutoka Dar, hata mgongo hajaunyoosha, ananiuliza: "Shem, hapa Tanga watu wanakula wapi?" Nikamwambia, "Kwao." Akacheka, akadhani namtania.

Wallahi sikumtania. Tanga ni jiji tangu mwaka 2005, lakini taarifa hiyo haijafika tumboni. Mwanamume mwenye ndoa akionekana saa saba mchana anakula wali hotelini, hadi alasiri mtaa mzima unaulizana mkewe karudi kwao lini. Mwaka jana nilikula chipsi mayai mara moja tu, kwa siri, nyuma ya kijiwe cha bajaji. Narudi nyumbani, mama watoto ananipokea mlangoni: "Chumvi ilikuwa inatosha?"

Lakini huyu ni kaka wa mke, huwezi kumpa maharage ya jana. Anataka mahali panapotazama bahari. Haya, nikampeleka upande wa Raskazone, hoteli moja hivi, jina lake nalimeza. Upepo upo. Kisiwa cha Toten kile pale, meli ile pale. Tukaletewa menyu nene kama daftari la mahudhurio.

"Samaki wa kupaka?"

"Leo hatuna."

"Pweza wa nazi?"

"Mpishi wa pweza yuko likizo."

"Kamba?"

"Kamba wapo kaka, ila bado wako Deep Sea."

Deep Sea ndiko wavuvi wanakouzia samaki. Kwa hiyo tunaitazama bahari, tunainusa bahari, chumvi yake imeganda kwenye miwani ya shemeji, halafu kilichopo ni kuku wa kisasa na chipsi.

Huyo kuku naye tulimsubiri saa moja na dakika arobaini. Zamani bandari yetu kina kilikuwa kifupi, meli zinatia nanga kule mbali, mzigo unahamishiwa kwenye matishari ndiyo uvutwe taratibu mpaka gatini. Wamechimba, siku hizi meli inafunga gatini yenyewe. Jiko la ile hoteli bado linatumia tishari. Wale askari wa Waingereza walioshuka hapa Novemba 1914 wakakutana na Wajerumani pamoja na nyuki, basi angalau wao nyuki waliwahudumia siku ileile.

Bili ilipokuja shemeji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Tarakimu hazikubadilika.

Jioni nikamwambia sasa twende kwenye chakula. Tukaingia Ngamiani, kule barabara zina namba badala ya majina, na mgeni akipotea anahesabu kama mtoto wa chekechea. Yupo mama mmoja wa bajia za kunde na kachori. Hana kibao, hana meza, anuani yake ni beseni la bluu. Unakaa juu ya kreti ya soda, unamwagiwa chatne ya nazi juu ya kipande cha gazeti, na kachori ukiibana kidogo tu mvuke unatoka na ndimu. Ila kasheshe: saa moja na nusu kamili beseni tupu. Tulimkuta anakung'uta makombo. Nikamuuliza kwa upole, "Mama, kwa nini usikaange nyingi?" Akaniangalia kama nimemtukania mzazi. "Na wewe kwa nini usiwahi?"

Shemeji sasa anatetemeka kwa njaa. Nikaona isiwe tabu, nimpeleke kwa muuza pweza. Kijitaa cha chaji, kibao, kisu kimeliwa na kunoa mpaka kimebaki wembamba wa biro. Vipande unachoma na kijiti, unachovya kwenye pilipili ya ukwaju, supu unapewa kwenye kikombe cha plastiki. Kwenye benchi wamejipanga wanaume watupu, kila mmoja kainamisha uso kikombeni. Supu ya pweza hainywewi kwa kuangaliana. Kila mtu anajua mwenzake kaifuata kwa ajili gani, na kila mtu atakuambia anapenda ladha.

Tukachukua vikombe viwili, tukaketi gizani. Ndiyo kwanza napuliza, nikasikia sauti kutoka mwisho wa benchi:

"Kijana, hebu niongezee mnyiri mmoja. Ule mnene."

Mkono wa shemeji ukaganda, kijiti kimesimama hewani. "Shem," akaninong'oneza, "huyo si baba?"

Ni baba. Mkwe wangu mimi, mzazi wake yeye, kofia yake ya kiua kichwani, na mbele yake kikombe kimoja kitupu na cha pili kinafuka moshi. Kukimbia hatuwezi, bado hatujalipa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akanywa funda moja. Akanywa la pili. "Mafua haya," akasema, "hayaniachi."

"Hata sisi, baba."

Akatutazama mmoja mmoja, akasogea kidogo kwenye benchi, akamwambia muuzaji atuongezee ndimu.