Nishani ya Carney: miaka 37 ilipotelea wapi?

William Carney, askari mweusi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, aliokoa bendera tarehe 18 Julai 1863. Nishani ya Heshima, ile kubwa kuliko zote za ushujaa jeshini Marekani, akaipata 23 Mei 1900. Ukiitaja miaka hiyo 37 kwenye baraza yoyote ya Unguja, jibu huja upesi: rangi. Lina ukweli, ila halitoshi.

Kwanza tendo lenyewe. Kikosi chake, cha 54 cha Massachusetts (jimbo lile lile lililotuletea merikani kwa meli za Salem), kilivamia ngome ya Wagner, South Carolina, magharibi ikiingia. Katika moshi ule amri haisikiki. Askari hufuata bendera. Mshika bendera alipopigwa, Carney alitupa bunduki yake, akaitwaa bendera, akapanda nayo hadi ukutani mikono mitupu ya silaha. Alirudi nayo kwa taabu, amejeruhiwa, na akakataa kumkabidhi mtu wa kikosi kingine.

Wanaosema kuchelewa huko ni utaratibu tu wana hoja nzito. Nishani ilitaka mtu wa kuiomba au mkubwa wa kuandika, na Kanali Shaw, mkuu wa kikosi, alifia pale pale ukutani. Askari weusi wa New Market Heights, Virginia, walipigana Septemba 1864, na wengi wao walivishwa zao Aprili 1865: mkuu wao, Jenerali Butler, alikuwa amewataja kwa majina. Chamberlain, ofisa mzungu aliyepigana Gettysburg Julai ile ile ya 1863, alingoja mpaka 1893.

Mambo haya si mageni kwetu. Amri ya Sayyid Hamoud, Sultani wa Zanzibar, ya Aprili 1897 ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani akaombe uhuru wake. Wengi hawakwenda.

Ubaguzi, basi, usiutafute kwenye tarehe ya nishani. Fungua daftari la mshahara. Mzungu alilipwa dola 13 kwa mwezi, na posho ya nguo juu yake. Mweusi aliandikiwa 10, zikakatwa 3 za nguo, zikabaki 7. Kikosi cha 54 kiligoma kuzipokea, hata Massachusetts ilipojitolea kufidia pengo. Bunge lilisawazisha Juni 1864, tena kwa sharti: malimbikizo yote ni ya atakayeapa kwamba alikuwa huru tarehe 19 Aprili 1861, vita vilipokuwa ndiyo kwanza vimeanza. Mwezi huo huo Carney alitolewa jeshini kwa sababu ya majeraha. Siku ile ya Wagner hakuwa amepokea mshahara wa serikali kuu hata wa mwezi mmoja.