Kwenye hizo hela msisahau vituo vya basi

Hii habari ya Seneta Susan Collins kuzitafutia kaunti za jimbo la Maine, Marekani, hela za Washington mimi naiunga mkono kabisa, maana tangu 2025 ndo mwenyekiti wa kamati ya Seneti inayogawa hela za serikali kuu, asipoomba yeye nani ataomba? Na haya maombi ya maseneta na wabunge kuombea hela miradi ya majimboni kwao yalipigwa stopu 2011 yakaja kurudi 2021, miaka 10 kaunti zinaangalia tu. Ila jamani usafiri, jirani yangu hapa Lewiston nimemkuta kwenye theluji na mtoto mgongoni, blanketi limelowa chapachapa, anasubiri basi aende kliniki, ikabidi niwapakie kwenye gari. Vituo vyenye paa viwemo kwenye hayo maombi tafadhali