Ng'ombe 24 kwa Sekunde

Kabla hamjaamini ile sauti ya WhatsApp inayozunguka kwenye magrupu, eti niliahidi mahari ya ng'ombe wasiohesabika: sikuahidi mahari ya mtu yeyote. Laptopu ndiyo iliyoahidi.

Ni ile ruracio, yaani shughuli ya mahari ya Wakikuyu, ya Kahawa West, Nairobi. Nilipewa kazi moja tu, katuni ya kuwachangamsha wazee kabla ya mazungumzo: apite ng'ombe, apite mbuzi, apite kuku, kisha majina ya wapenzi wetu yatokee. Nikaiandika kwa ActionScript 3, lugha ya msimbo ya Flash, ile programu ya kutengenezea katuni. (Mnaokuja kuniambia Flash ilizikwa mwisho wa 2020, tulieni. Iliyozikwa ni ya kwenye brauza. Faili la exe, linalojiendesha lenyewe bila brauza, bado linafunguka.)

Wanyama niliwaorodhesha kwa majina tu. Amri ya getDefinitionByName inalipokea jina na kurudisha klasi (kiolezo cha mnyama), new inazaa mnyama, addChild inampandisha jukwaani. Niliandika "Ngombe", maana jina la klasi halikubali ile alama ya juu. Nyumbani ilienda vizuri ajabu. Usiku wa kuamkia shughuli, huyo huyo anayesambaza ile sauti ya WhatsApp akaniambia mbuzi wangu ni mbwa mwenye pembe, akachora mwingine. Tukafuta wa zamani, tukaingiza mpya kwenye maktaba. Kile kisanduku cha kumruhusu atumike na msimbo hakuna aliyekitia tiki. Na kwa kuwa jina lake lilikuwa maandishi tu ndani ya orodha, programu ilichapisha faili bila kunung'unika.

Sasa nionee huruma. Hema limejaa. Wazee wa upande wa binti mstari wa mbele, miwani imepanguswa. Nabonyeza. Ng'ombe anaingia. Makofi! Msimbo unamtafuta Mbuzi, haumwoni, kosa namba 1065, unaanguka kabla ya kufika kwenye mstari wa kujizima. Kosa lenyewe halionekani kwenye skrini. Fremu (picha moja ya katuni) inayofuata, unaanza upya: ng'ombe. Mbuzi? Hakuna. Ng'ombe. Fremu 24 kila sekunde. Kichwa cha huyu kimeingia kwenye mkia wa yule mpaka ukuta ukawa zulia moja la madoadoa, lenye miguu. Na mimi, fundi, kila ng'ombe nilimwekea mlio. Flash inapiga hadi sauti 32 kwa pamoja. Zote zikawa mooo.

Nikabonyeza Esc. Ikatoka skrini nzima tu, ng'ombe wakabaki dirishani. Nikachomoa waya wa projekta. Picha ikapotea, spika zikaendelea kulia gizani.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa hesabu, akaniuliza kwa upole, "Kijana, hao wanatoka wangapi kwa sekunde?"

Nami nikajibu! "Ishirini na wanne, mzee."

"Dakika moja ni 1,440," akamwambia karani, na karani akaandika. Nikataka kueleza kwamba laptopu ilishalemewa, hivyo kasi ilikuwa imeshuka. Nani angenisikiliza?

Ndipo yule mkubwa wao akainua fimbo. "Ng'ombe tumewaona. Lakini mahari yetu huhesabiwa kwa mbuzi. Mbuzi wako wapi?"

Mengine ni mafupi: nikapelekwa nyuma kukata nyama, wakaelewana, bibi harusi bado akiniona ananiita Mooo. Kisanduku nimekitia tiki na kila jina limefungwa kwa try na catch, amri za kunasa kosa kabla halijaangusha msimbo.

Na wewe mwenye ile sauti: mbuzi wako hakuna aliyemwona mpaka leo. Itume tena uone kama simweki kwenye status.