Kundi la WhatsApp la ofisi na saa zisizohesabiwa

Saa tatu usiku mkuu wa idara anaweka jedwali kwenye kundi la WhatsApp la ofisi na kuagiza lirekebishwe kabla ya kikao cha asubuhi. Majibu yanapangana, "Imepokelewa mkuu", "Sawa mkuu", na anayekaa kimya anajua kwamba tiki mbili za buluu zimekwisha kumsema.

Si haki kuyalaumu makundi haya yote. Muuguzi aliyeuguliwa na mtoto hupata humo mwenzake wa kubadilishana zamu, na ofisa aliyeko Tandahimba husoma agizo la makao makuu siku ileile badala ya kungoja barua. Wapo pia wanaopenda kutoka mapema, wakawahi watoto, kisha wamalizie kazi usiku. Kuwapiga marufuku wasifanye hivyo ni kuwanyang'anya nafuu waliyoipata kwa shida.

Kwangu mimi, tatizo liko kwenye hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, inataka saa za ziada zifanywe kwa makubaliano na zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, na kwa kawaida inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo za kupumzika kabla hajarudi kazini. Jedwali la saa tatu usiku haliingii kwenye daftari la mahudhurio, kwa hiyo halihesabiwi wala halilipwi, na mara nyingi hata bando ni la mfanyakazi mwenyewe.

Ufaransa, tangu Januari 2017, inazitaka kampuni zenye wafanyakazi wasiopungua 50 kujadiliana na wafanyakazi kuhusu haki ya kutopatikana baada ya kazi. Nchini Kenya, Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa aina hiyo mwaka 2022, na Shirikisho la Waajiri likaupinga. Hofu ya waajiri ina uzito, kwa sababu shehena iliyokwama bandarini haingoji kupambazuke. Lakini zamu za usiku zilikuwapo kabla ya simu za mkononi, na sheria hiyohiyo ya Tanzania inaongeza asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mwajiri anayemhitaji mtu saa hizo ana njia halali ya kumpata.